FARASI MWOGA HUFUNGWA KWA SUBIRA KABLA YA KAMBA

Kusini mwa nchi ya Uingereza, katika jimbo la Hampshire, upo msitu uitwao New Forest, yaani Msitu Mpya. Jina hilo lisimdanganye msomaji, kwani imepita miaka zaidi ya mia tisa tangu Mfalme William wa Kwanza autenge msitu huo kuwa mahali pake pa kuwinda, yapata mwaka 1079. Humo, kati ya miti, vichaka na mabonde ya majani, huishi maelfu ya farasi wadogo waitwao poni. Kimo cha poni wa huko, kutoka ardhini hadi mabegani, hakizidi sentimeta 148. Lakini ni wanyama wenye miguu imara, singa nzito, na mwili unaostahimili baridi na mvua.

Poni hawa si wanyama wa porini hasa, wala si wanyama wa nyumbani hasa. Kila mmoja ana mwenyewe, ambaye ni mkazi aliye na haki ya malisho iliyoambatana na ardhi au nyumba yake. Chapa ya moto humtambulisha mwenye mali, na walinzi wapanda farasi huzikata singa za mkia kwa namna maalumu ili ijulikane kwamba ada ya malisho imelipwa. Baada ya hapo mnyama huachiwa aende zake. Ndiyo maana mtoto wa poni aweza kuzaliwa msituni, akanyonya, akajifunza kula majani na kuvuka vijito, akafikisha umri wa miezi sita bila kuguswa na mkono wa binadamu hata mara moja.

Majira ya joto yanapoelekea ukingoni, tangu Agosti hadi Novemba, wenyeji hupanda farasi wao na kuwaswaga poni hadi kwenye mazizi ya kukusanyia. Huko hukaguliwa mmoja mmoja, na wale watoto ambao hawatabaki msituni hutengwa na mama zao. Wengi hupelekwa kwenye mnada wa Beaulieu Road, karibu na kituo cha reli, ambako wanunuzi hufika kutoka sehemu za mbali.

Msomaji na amfikirie jike mmoja wa miezi sita, mwenye rangi ya kahawia, aliyenunuliwa mnadani hapo asubuhi. Jana alikuwa akinyonya. Leo amesikia kelele za watu na milango ya chuma, amepakiwa garini kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na jioni anashushwa mahali ambapo hakuna harufu hata moja anayoijua. Mama hayupo, kundi halipo, kijito hakipo. Aliyopewa badala yake ni kuta nne, ndoo ya maji asiyojua matumizi yake, na kiumbe mwenye miguu miwili anayemkazia macho. Je, mgeni wa namna hii apokewe vipi?

Swali hili si dogo. Poni aliyeanzishwa vema aweza kuishi miaka ishirini na mitano au zaidi, akiwabeba watoto mgongoni na kuvuta kigari. Poni aliyeanzishwa vibaya hupiga mateke, huuma, hukimbia, na mwisho huuzwa kutoka mkono hadi mkono, kila mnunuzi akimpa hofu mpya juu ya ile ya zamani, mpaka apatikane mtu wa kumnunua kwa bei ya nyama. Njia hizi mbili huanza kuachana katika majuma machache ya kwanza.

HOFU SI UKAIDI

Kosa la kwanza la wenyeji wengi ni kudhani kwamba mnyama anayekimbia ni mkaidi, na kwamba ukaidi huondolewa kwa fimbo. Sivyo. Farasi kwa asili yake ni mnyama anayewindwa. Hana pembe wala makucha; silaha yake ni mbio. Macho yake yamewekwa ubavuni mwa kichwa ili aone karibu pande zote kwa wakati mmoja, isipokuwa sehemu ndogo iliyo mbele kabisa ya paji la uso na ile iliyo nyuma ya mkia. Masikio yake hugeuka kila moja peke yake kutafuta sauti. Aweza kusinzia akiwa amesimama, ili hatari ikitokea asipoteze muda wa kuinuka.

Kiumbe kama huyo, akifungiwa mahali pasipo njia ya kukimbilia, hubakiwa na shauri moja tu, nalo ni kupigana. Teke linalomvunja mtu mguu kwa kawaida halitokani na uovu. Hutokana na mtu kumfuata mnyama pembeni, akamzibia njia, kisha akanyoosha mkono. Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka; na poni aliyefukuzwa, akasukumwa na kuchomwa chapa huona ung'ongo katika kila mkono unaoinuliwa.

Zamani, na mahali pengine hata leo, farasi asiyeguswa alitupiwa kitanzi, akafungwa kwenye mti au nguzo, akaachwa ajitupe na kupambana mpaka nguvu zimwishie. Aliposimama kimya, jasho likimtiririka, watu walisema amekubali. Kwa hakika hakuwa amekubali lolote. Alikuwa amekata tamaa, na mnyama aliyekata tamaa si sawa na mnyama aliyetulia. Siku nguvu zinapomrudia, hofu nayo hurudi pamoja nazo.

MATAYARISHO KABLA YA MGENI KUFIKA

Mwenyeji mwenye busara huanza kazi kabla gari halijafika. Jambo la kwanza ni mahali. Wengine, kwa wema wao, humwachia poni mgeni katika shamba kubwa la majani wakidhani wanampa uhuru. Matokeo yake ni kwamba mnyama hukimbia hadi ukingo wa mbali, asikamatike tena kwa miezi mingi, hata akiugua. Yafaa apewe kwanza banda pana lenye kiwanja kidogo mbele yake, chenye kuta au mbao imara zinazomzidi kimo, zisizo na nyufa za kunasa mguu wala waya wa miiba. Ua wa umeme haumfai mgeni wa siku hizo, maana haujui. Akishtuka huupita na kuuburura.

Mahali penyewe pawe ambapo aweza kuwaona farasi wengine. Farasi peke yake ni farasi aliye hatarini. Hivyo ndivyo akili yake inavyomwambia. Akiwekwa farasi mzee mpole upande wa pili wa mbao, mgeni hutulia upesi zaidi, na tena hujifunza kwa kutazama. Atamwona mzee huyo akimsogelea binadamu bila kudhurika, akinywa katika ndoo, akisimama kimya afutwe vumbi.

Jambo la pili ni chakula. Poni wa msituni hajui nafaka, hajui karoti, na pengine hajui chombo cha maji. Amezoea kuinamisha kichwa ardhini na kunywa kijitoni. Hivyo basi apewe maji katika beseni pana, zito, lililowekwa chini, na nyasi kavu zilizotandazwa sakafuni, si kutundikwa juu. Farasi huumbwa kula kidogo kidogo kwa saa nyingi za mchana na usiku. Mtoto mwenye uzito wa kilo 150 huhitaji yapata kilo tatu hadi nne za nyasi kavu kwa siku, na hapana budi ziwepo mbele yake karibu wakati wote.

Aidha, yafaa ikumbukwe kwamba shamba zuri kupita kiasi laweza kuwa adui. Poni aliyelelewa kwa majani makavu ya msituni, akifunguliwa ghafula katika majani mabichi yaliyositawi, aweza kupatwa na uvimbe wa ndani ya kwato ambao humtia ulemavu. Majani mapya huzoeshwa kwa kiasi, muda mfupi leo, muda mrefu kidogo kesho.

SIKU ZA KWANZA

Katika siku mbili tatu za mwanzo kazi kubwa ya mwenyeji ni kutofanya kazi. Alete chakula, aondoe kinyesi, aongeze maji, azungumze kwa sauti ya chini, kisha aondoke. Atembee kwa mwendo wa kawaida, si kwa kunyata, kwani katika ulimwengu wa wanyama anayenyata ni simba. Asimkabili mgeni uso kwa uso wala asimkazie macho. Apite kwa upinde, bega likiwa mbele, kama mtu aendaye kwenye shughuli nyingine.

Hapo ndipo watoto wa nyumbani wanapoweza kuwa wasaidizi wazuri kuliko watu wazima. Mtoto aliyeketi juu ya kigoda nje ya mbao, akisoma kitabu chake cha shule kwa sauti, hafanyi lolote la kuogopesha. Poni husikia sauti ile ile, saa ile ile, kila siku. Mwanzoni husimama kona ya mbali. Baada ya siku chache huendelea kutafuna. Kisha siku moja mtoto huinua macho na kukuta pua yenye unyevu imefika karibu na ukurasa. Sharti moja lishikwe: mtoto abaki nje ya ua, na asimlishe mnyama kwa mkono. Poni mdogo akizoea kutafuta vitu vitamu mifukoni mwa watu hujifunza kuuma, na meno yake hayachagui.

Mwenyeji na ajifunze kusoma dalili. Mnyama anayeogopa huonyesha weupe wa macho, hupanua mianzi ya pua, hubana mkia na kugeuza makalio. Mnyama anayeanza kutulia huinamisha kichwa, hutafuna, hupumua kwa kishindo kama mtu aliyetua mzigo, na hulegeza mguu mmoja wa nyuma. Jambo la kuangaliwa kuliko yote ni chakula. Poni asiyekula, au punda asiyekula, kwa muda wa siku moja si wa kungojewa apate njaa. Mafuta ya mwili wake huweza kufurika katika damu na kuharibu ini, na maradhi hayo huua. Daktari wa mifugo aitwe mara moja.

Hali kadhalika, majuma matatu ya mwanzo ni ya karantini. Mnadani hukutana wanyama kutoka zizi nyingi, na mmoja wao aweza kuwa amebeba ugonjwa wa koo unaovimbisha tezi za chini ya taya, ukatoa usaha puani na homa kali. Ugonjwa huo huenea kwa ndoo, kwa nguo na kwa mikono ya mhudumu. Ndiyo maana yule farasi mzee mpole akae mahali pa kuonekana, lakini pasipo kugusana pua katika siku hizo. Na mhudumu awahudumie wenyeji kwanza, mgeni mwisho, kisha anawe.

MKONO WA KWANZA

Baada ya mgeni kukubali kula mbele ya mtu, ndipo kazi ya kumgusa inapoanza, na hapa ndipo subira ya mwenyeji hupimwa kweli. Kanuni yake ni fupi: mtu husogea, mnyama anapotulia, mtu hurudi nyuma.

Wengi hushangaa kusikia kwamba kurudi nyuma ndiko kunakofundisha. Lakini kwa mnyama mwoga, hakuna ujira mkubwa kama kuona kile anachokiogopa kinaondoka. Mwenyeji akipiga hatua moja, poni akamgeuzia sikio bila kukimbia, mwenyeji arudi hatua moja. Akipiga hatua mbili, poni akamtazama na kuinamisha kichwa, arudi tena. Hivyo mnyama hutambua kwamba utulivu wake una nguvu: akitulia, binadamu humpa nafasi.

Kosa lililo jepesi kutendwa ni kurudi nyuma wakati usiofaa. Mtu akisogea kupita kiasi, poni akarusha teke, naye mtu akaruka kando, basi mnyama amejifunza somo jingine, kwamba teke hufukuza watu. Kwa hiyo mwenyeji asifike kamwe umbali unaomlazimu mgeni kupigana. Afike pale tu ambapo hofu ni ndogo, angoje ipungue, kisha aondoke. Dakika kumi mara tatu kwa siku zina faida kuliko saa mbili za mfululizo.

Wenye uzoefu na poni wa namna hii mara nyingi hawaanzi kwa mkono mtupu. Huchukua ufito mwepesi wa mwanzi, urefu wa kama mita moja na nusu au mbili, wakafunga kitambaa laini nchani. Mnyama huachwa anuse kwanza. Kisha kitambaa hugusa mabega, kwa nukta moja, na kuondolewa kabla hajaamua kusogea. Hurudiwa tena, nukta mbili, nukta tano. Siku hata siku mtu huushika ufito karibu zaidi na ncha, hata ufito unapokwisha na mkono unafika mahali pale pale, mnyama asione tofauti kubwa. Faida nyingine ya ufito ni kwamba mtu hubaki mbali na kwato za nyuma.

Kwa nini mabega? Kwa sababu hapo ndipo farasi wenyewe hukunana kwa meno wanapokuwa marafiki. Mwaka 1993 wataalamu waliochunguza farasi wa Camargue, kusini mwa Ufaransa, walieleza kwamba farasi akikunwa mahali hapo mapigo ya moyo wake hupungua, lakini akikunwa mahali pengine palipojaribiwa hayapungui. Basi mkono wa binadamu unapokuna mabega kwa kidole, taratibu, husema katika lugha ambayo poni anaifahamu tangu kuzaliwa. Kupigapiga kwa kiganja, ambako watu hukupenda, hakuna maana hiyo kwake. Kutoka mabegani mkono husafiri hadi shingoni, mgongoni na kifuani. Kichwa, masikio, tumbo na miguu huachwa mwisho, maana hizo ndizo sehemu ambazo mnyama mwindaji hushambulia.

HATAMU NA KAMBA

Poni aliyekubali kukunwa shingo aweza sasa kujulishwa kamba. Kamba hulazwa mgongoni, huondolewa. Hulazwa shingoni, huondolewa. Hatamu hunuswa, hupitishwa juu ya pua na kurudishwa, siku kadhaa kabla ya kufungwa kifungo. Anayefanya pupa siku hii hubomoa alichojenga kwa mwezi mzima.

Hatamu isiachwe kichwani usiku na mchana ili kurahisisha kukamata. Mtoto wa farasi hukua upesi, na hatamu iliyombana hukata ngozi. Tena hunasa kwenye tawi au nguzo, na mnyama akijivuta kwa hofu aweza kujivunja shingo.

Kumwongoza nako kuna kanuni ile ile ya kuachia. Mtu hukaza kamba kidogo, hangoi mwendo wa mita kumi. Hungoja mguu mmoja usogee, au hata uzito wa mwili uelekee mbele, na papo hapo hulegeza. Mnyama huelewa kwamba kufuata huleta nafuu. Akivutwa kwa nguvu naye huvuta kwa nguvu, na katika mashindano hayo poni, hata aliye mdogo, atamshinda mtu. Kumfunga kwenye nguzo kabla hajajua kufuata kamba ni kumrudisha kule kule kwenye kitanzi cha zamani.

Itachukua muda gani? Wako wanaovaa hatamu katika siku kumi, na wako wanaohitaji miezi mitatu. Aliyeumizwa zamani huchelewa zaidi kuliko yule ambaye hajaguswa kabisa. Mwenyeji akishika kalenda mkononi ameshaanza kukosea. Na ashike daftari, aandike kila siku kile ambacho mgeni ameweza leo na jana hakukiweza.

KUMTIA KUNDINI

Mgeni akishamaliza karantini, akakubali hatamu na kuongozwa, kuna mlango mmoja bado haujafunguliwa, nao ni mlango wa kundi. Kundi la farasi lina wakubwa na wadogo, lina marafiki na wasiopatana, na kila mmoja ajua nani hunywa kwanza. Kumfungulia lango mtoto mgeni na kumsukuma katikati yao ni sawa na kumpeleka kuruta katika kikosi usiku bila barua wala mwenyeji.

Kwanza waonane na kunusana juu ya ua imara kwa siku kadhaa. Kutakuwa na kelele, kupiga ardhi kwa kwato na kulaza masikio. Hayo ni maamkizi yao. Kisha mgeni apewe mwenzi mmoja, yule mzee mpole aliyekuwa jirani yake, wakae wawili mpaka wazoeane. Anapoingia kundini baadaye, huingia akiwa na rafiki.

Siku ya kuwachanganya wote ichaguliwe asubuhi, katika uwanja mpana usio na kona nyembamba za kunasia, na farasi wenye viatu vya chuma miguuni mwa nyuma wavuliwe kwanza kama inawezekana. Poni azungushwe kwa kamba kando ya ua mapema ili ajue mipaka. Nyasi kavu zigawanywe mafungu yaliyo mbalimbali, fungu moja zaidi ya idadi ya farasi, ili anayefukuzwa fungu moja apate jingine. Maji yawepo mahali ambapo mkubwa mmoja hawezi kuyazuia.

Mwenyeji asimame nje atazame. Atawaona wakubwa wakimfukuza mgeni, naye poni mdogo akinyoosha shingo na kufunguafungua kinywa kama anayetafuna hewa. Hiyo ni ishara ya watoto wa farasi ya kusema, “Mimi ni mdogo, nihurumie,” na wakubwa wengi huiheshimu. Mbio fupi na meno yanayokosa shabaha si neno. Lakini akifukuzwa bila kupewa pumzi, akazuiwa maji, au akasukumwa juu ya ua, atolewe na hatua zirudiwe nyuma. Si aibu kurudi nyuma; kazi yote tangu mwanzo ilijengwa juu ya jambo hilo.

FUNZO KWA ASKARI NA JAMAA ZAKE

Baadhi ya wasomaji watasema kwamba huu ni upole wa watu wa mjini wasiojua kazi. Na wasikie basi habari za askari. Xenophon wa Athens, aliyezaliwa yapata mwaka 430 kabla ya Kristo, aliwahi kuwaongoza askari wa Kigiriki wapatao elfu kumi katika safari ngumu ya kurudi kwao kutoka Uajemi. Mtu huyo wa vita aliandika pia kitabu juu ya farasi, ambacho husomwa hadi leo. Humo alionya kwamba farasi asishughulikiwe kwa hasira, kwa kuwa hasira humfanya mtu kutenda mambo ya kujutia. Na kwamba farasi anayeogopa kitu asipigwe, maana kipigo humthibitishia kwamba kitu kile kweli ni cha kuogopwa. Alishauri pia mwana-farasi apitishwe penye makundi ya watu ili ajue kwamba kelele si hatari.

Polisi wa London bado wana kikosi cha farasi, ambao hufunzwa mahali paitwapo Imber Court, nje kidogo ya mji. Farasi hao huzoeshwa bendera, kelele na umati hatua kwa hatua, kabla ya kupelekwa barabarani penye fujo. Farasi wa polisi anayesimama imara mbele ya watu elfu hakuzaliwa hivyo wala hakupigwa mpaka akawa hivyo. Alionyeshwa bendera moja, akaachiwa aitazame, akapumzishwa.

Nyumbani kwetu farasi ni wachache, lakini mafunzo haya yana kazi. Punda wa Karamoja na wa miteremko ya Mlima Elgon, wanaobeba mahindi na maji kila siku, wana macho yale yale ya ubavuni na hofu ile ile ya kufungiwa njia. Punda mpya, ndama aliyenunuliwa mnadani, hata mbwa aliyeokotwa na sasa analinda nyumba ya askari, wote huuliza swali moja wanapoingia lango geni: je, hapa naweza kupumua? Anayewajibu kwa fimbo atapata utii wa siku moja.

Zipo dalili nyingi za kuonyesha kwamba mgeni amekwisha kuwa mwenyeji, lakini iliyo kuu haihusiani na hatamu wala na kamba. Farasi aweza kusinzia akisimama, lakini usingizi mzito hawezi kuupata mpaka alale chini, na hatalala chini mahali asipopaamini. Katika siku za kwanza yule jike wa kahawia hakulala, au alilala kidogo sana, akiruka kwa kila mlio. Ndipo siku moja ya jua hafifu, majuma mengi baada ya mnada, mwenyeji apitapo na ndoo humkuta amelala ubavu kwenye majani, miguu imenyooshwa, kope zimefumba, na yule farasi mzee amesimama juu yake akilinda. Hapo mwenyeji mwenye akili huiweka ndoo chini taratibu, akazunguka njia ya mbali, asimwamshe.